Mlio Ambao Mzee Mutale Hakuusikia

Mtaa mzima wa Kampemba, mjini Lubumbashi, ulijua kwamba Feruzi hafungui injini kabla ya kuisikiliza. Wenye magari walifika na hadithi zao ndefu, kwamba gari linatetemeka, kwamba fundi wa kwanza alisema hivi na wa pili vile, naye aliwasikiliza kwa adabu bila kuamini hata neno moja. Kisha alisema, "Washa." Injini ikishawaka aliinamisha kichwa, akafumba jicho la kushoto, akanyamaza. Wateja wapya walidhani anasali.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, mwembamba, mwenye mikono iliyojaa makovu ya kuungua. Baba yake alitoka Maniema, akashona kanzu na kofia za Waislamu wenzake tangu mji ulipoitwa bado Elisabethville, na alitaka mwanawe naye akae kwenye cherehani. Feruzi alikaa mwaka mmoja. Kilichompendeza katika cherehani kilikuwa mlio wake tu, na siku alipogundua kwamba anaweza kujua kwa sikio ni skrubu ipi imelegea, aliacha kitambaa akaenda kuomba kazi kwa Mgiriki mmoja aitwaye Yanis, mwenye gereji karibu na soko.

Kwa Yanis alifanya kazi miaka kumi na tisa. Ndipo alipojifunza kwamba gari lililozeeka lina milio miwili ambayo mtu hapaswi kuichanganya. Mmoja unatoka juu: tik-tik-tik, mwepesi, wa haraka. Huo ni nafasi ya valvu iliyopanuka, na fundi anaurekebisha kabla chai yake haijapoa. Mwingine unatoka chini, ko, ko, ko, mzito, kama ngumi inayogonga mlango wa chumba cha ndani. Injini ikiwa baridi unaweza usiusikie kabisa. Mafuta yakishapata moto na kuwa mepesi, unaanza. Huo ni mkono unaoshika pistoni, ule ambao mafundi wa Lubumbashi wanauita biele, umelegea mahali unapozungukia kwa sababu kusine, kile chuma laini kinachoukinga, kimelika.

"Ile ya juu, tengeneza, endelea na safari," Feruzi aliwaambia wateja. "Ile ya chini, zima motere, shuka, tembea na miguu."

Alikuwa na fimbo ya chuma yenye kishikio cha mbao. Aliiweka ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akaisogeza taratibu kama daktari anavyosogeza kifaa chake kifuani mwa mgonjwa. Kisha alichomoa waya za buji, yaani plagi, moja baada ya nyingine. Akichomoa waya na mlio ukafifia, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Yanis aliwaambia watu kwamba amewahi kumwona Feruzi akitaja silinda mbovu kwa gari linalopita barabarani, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusifu ovyo, watu waliamini.

Mwishoni mwa mwaka 1973 ikatangazwa kwenye redio kwamba biashara za wageni zitapewa wenye nchi. Gereji nzima ilimtazama Feruzi. Yeye mwenyewe alinunua shati jipya, akaenda mjini kwenye ofisi, akapanga foleni siku tatu, akajaza fomu kwa mwandiko wake bora. Aliandika: miaka kumi na tisa ya kazi. Yanis naye alimwandikia barua ya kumsifu.

Orodha ilipotoka, gereji ilikuwa imepewa Citoyen Kapya, "mwananchi" kama kila mtu alivyoitwa siku zile.

Kapya alikuwa karani, mtu wa chama, hodari wa kupanga watu wa mtaa katika maandamano ya kumpokea mgeni yeyote aliyetua uwanja wa ndege. Hakujua tofauti ya buji na betri. Alifika amevaa abakosi ya rangi ya majivu, kile kikoti kisicho na tai ambacho wakubwa wote walivaa miaka ile, akazunguka uwanja mara moja, akaingia ofisini kwa Yanis, akaketi. Yanis aliondoka na masanduku mawili. Siku ya kuondoka alimpa Feruzi sanduku la spana zake na ile fimbo ya kusikilizia. "Hivi si vya gereji," alisema. "Vilikuwa vya baba yangu." Feruzi alivipeleka nyumbani, akaviweka chini ya kitanda.

Kapya hakuwa mkali. Hilo ndilo lililowachanganya watu. Aliuliza habari za watoto, alicheka. Lakini mashine ya kupandishia magari iliuzwa mwezi wa tatu, na mwezi wa sita vipuri vilivyokuwa kwenye rafu vilikwisha bila mtu kuagiza vingine. Kufikia mwaka 1975 gereji ilikuwa ukuta, mafundi wanne, na sikio la Feruzi.

Mwaka huo, wakati wa kiangazi, Kapya alileta Peugeot 404 nyeupe, kwatre-san-kwatre kama mafundi walivyoiita kwa Kifaransa. Lilikuwa gari la mkubwa mmoja ambaye amepewa jipya, na Kapya amechukua hili aliuze. Lilikuwa limetembea miaka mingi, na kwa rangi ya mafuta yake mtu angejua kwamba hayajabadilishwa tangu lini Mungu ndiye ajuaye.

Feruzi aliliwasha. Juu lilikuwa likitiktik kama duka la saa. Akaliacha lipate moto, robo saa, akakanyaga mafuta kidogo, kisha akaachia ghafla. Hapo alipoachia, akasikia. Ko-ko-ko, kutoka chini. Akachomoa waya wa buji ya tatu, mlio ukafifia. Akaurudisha, ukarudi. Hakuridhika, alilala chini ya gari, akamwaga mafuta kidogo kwenye kopo, akayatazama juani. Yalikuwa yaking'aa, vumbi laini la chuma likielea ndani yake.

Akamfuata Kapya ofisini.

"Patron, ile kwatre-san-kwatre iko na biele inagonga. Silinda ya tatu. Haiwezi kuenda barabarani."

"Unaweza kutengeneza?"

"Kama uko na kusine mupya, ndiyo. Zote zilikwisha."

"Basi." Kapya alikuwa akinoa penseli. "Nilisikia kwamba kuko mafuta ya giabokisi, mazito kama asali. Banasema mutu akiimwanga mu motere, makelele inakufa."

"Inakufa asubui tu, patron. Motere ikipata moto, inarudia. Na siku moja ile biele itapasuka."

"Siku moja." Kapya alipuliza vumbi la penseli mezani. "Feruzi, ndugu yangu. Bibi anaendelea vizuri? Na watoto? Unajua, siku tulifanya inventaire, tukihesabu bintu ya Mugiriki, kulikosa sanduku moja ya spana. Spana za kijerumani. Ile ni mali ya taifa sasa. Mimi sikuandika kitu. Nilijisemea: labda zilipotea tu."

Feruzi alisimama pale akiitazama ile penseli, akajua kwamba Kapya amelibeba jambo hili mfukoni mwaka mzima na nusu, akingoja siku ya kulitumia. Mwaka huo huo mtu wa mtaa wa pili alikuwa amefungwa kwa ajili ya friji ya Mbelgiji. Alikuwa bado hajarudi.

Akarudi uwanjani, akarekebisha valvu zote nane, moja moja, mpaka injini ikawa kimya juu. Kisha akaimiminia mafuta mazito ya giabokisi.

Mnunuzi alikuja siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, injini ikiwa baridi kama Kapya alivyoagiza. Alikuwa mzee aitwaye Mutale, mtu wa Kipushi, mchimbaji aliyetoka chini ya ardhi mwaka ule baada ya miaka ishirini na sita. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alisema kwa sauti ya juu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Alitaka gari la kubeba wachuuzi kati ya Kipushi na Lubumbashi. Malipo yake yote ya kustaafu yalikuwa kwenye mfuko wa kitambaa aliofunga tumboni, chini ya shati.

Kapya alianza kulisifu gari. Mutale akainua mkono.

"Citoyen, usichoke. Mimi masikio ilibakia kule chini mu mugodi. Mashini ya kutoboa majibwe iliikula yote mbili." Akamgeukia Feruzi, akamtazama kwa furaha, kama mtu aliyemtambua jamaa. "Ni weye Feruzi? Nilikuja juu yako. Bantu ya Kipushi banasema, weye ukisikiliza, ni kusikiliza. Basi leo uko masikio yangu. Sikiliza, unambie."

Feruzi aliwasha gari. Alifungua boneti, akainama, akafumba jicho la kushoto. Hakuna kilichosikika ila mzunguko laini na mzito. Mutale naye akaja, akalaza kiganja chake kizima juu ya kifuniko cha injini, akakiacha hapo muda mrefu, uso umekunjamana. Alikuwa amejifunza kusikia kwa mkono. Feruzi alikitazama kile kiganja, na kwa kitambo kidogo alitamani kingegundua chenyewe, ili yeye asiwe na la kufanya. Lakini mafuta mazito yalikuwa yameufunika mlio hata kwa mkono.

Mutale akainua macho. "Fundi?"

Kapya alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, mikono nyuma.

Feruzi akaitikia kwa kichwa. Mara moja, kisha tena.

"Aksanti!" Mutale alipaza sauti, akamshika mikono yote miwili. "Aksanti sana, ndugu yangu. Mungu akulinde."

Mchana huo Feruzi alienda nyumbani kula. Rabia, mkewe, alimwekea bukari na sombe, ugali na kisamvu. Hakula. Alimweleza yote, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza, na mwishoni akasema jambo alilokuwa amelishika tangu asubuhi kama mtu anayeshika kamba:

"Lakini sikusema uongo, Mama Zabibu. Hata neno moja halikutoka mu kinywa changu."

Rabia alifunika chungu cha sombe.

"Ule muzee hasikie," alisema. "Sasa ulitaka umudanganye na nini, kama si na kichwa?"

Akaondoa sahani.

"Wangenifunga," Feruzi alisema.

"Labda," Rabia akajibu kutoka uani. "Mimi sikukatala."

Kwa siku kumi na moja Peugeot nyeupe ilikwenda na kurudi kwenye barabara ya Kipushi. Feruzi aliiona mara mbili sokoni, imejaa wanawake na magunia, Mutale kwenye usukani ameinua kidevu. Mara ya pili injini ilikuwa moto. Aliusikia mlio kabla hajaliona gari, umbali wa maduka matano. Aligeuka akapita njia nyingine.

Abiria nao waliusikia. Baadaye walisimulia wenyewe, na simulizi hiyo ilimfikia Feruzi kwa vinywa vingi. Mwanamke mchuuzi wa samaki alimgusa Mutale begani, akampigia kelele sikioni: "Muzee, motere yako inagonga!" Mutale akacheka, akajibu kwamba Feruzi wa Kampemba amelisikiliza na amesema liko zima. Kesho yake dereva wa lori alimsimamisha barabarani, akamwonyesha kwa mikono kwamba kuna kitu kinapiga chini. Mutale akamjibu hivyo hivyo. Angekuwa hajamwamini mtu, angesimama.

Siku ya kumi na mbili, kilomita chache kabla ya Kipushi, mkono wa silinda ya tatu ulikatika, ukatoboa ubavu wa injini, ukatokea nje. Mafuta yalimwagika barabarani kama damu ya ng'ombe. Hakuna aliyekufa. Abiria walishuka, wakapakua magunia yao, wakaendelea kwa miguu. Mutale alikaa ndani ya gari mpaka mkewe alipokuja kumchukua.

Baada ya siku mbili alifika gereji. Ilikuwa saa nne, uwanja umejaa: wateja, mafundi, mama muuza maandazi. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikifungua akakiweka mezani kwa Kapya: kipande cha mkono wa pistoni, kimepinda, kimekatika, kimekuwa cheusi.

Kapya alitoka nje nacho, ili watu wote waone kwamba haogopi.

"Baba, mimi si fundi," alisema kwa upole, akipaza sauti. "Ulichagua mwenyewe fundi wako. Ulimuuliza yeye. Yeye njo alikuhakikishia. Bantu bote balikuwa hapa."

Huenda Mutale alisikia nusu, huenda alisoma midomo. Alivuka uwanja mpaka mahali Feruzi alipokuwa amechutama kando ya gurudumu, akasimama mbele yake. Feruzi akainuka.

"Sikuja juu ya feza," Mutale alisema kwa ile sauti yake ya juu. "Nilikuja kuuliza kintu kimoja tu. Ile siku. Ulisikia, ao hukusikia? Kama hukusikia, ni bahati yangu mubaya, narudia kwangu."

Hapo Feruzi angeweza kutikisa kichwa na mambo yakaisha. Alimwona Kapya akimtazama. Alifikiria sanduku chini ya kitanda.

"Nilisikia," alisema.

Mutale akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasema?"

"Nilisikia, muzee."

"Sema nguvu!"

"NILISIKIA!" Feruzi alipiga kelele, na sauti yake ikagonga ukuta wa pili wa uwanja. "Biele ilikuwa inagonga! Nilisikia, nikaficha na mafuta ya giabokisi! Nikakwitikia!"

Fundi mmoja aliyekuwa akigonga bati aliacha nyundo hewani. Mama wa maandazi alifunika beseni lake, kana kwamba vumbi limepita.

Mutale alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizia njia akaonyeshwa shimo.

"Ungenifanyia hivi tu," alisema, akainua kidole kimoja, akakipeperusha kulia na kushoto, ishara ndogo ya kukataa ambayo mtoto wa miaka miwili anaijua. "Hivi tu. Hata yeye asingeona."

Akakichukua kipande chake cha chuma mkononi mwa Kapya, akaondoka.

Kabla ya adhuhuri Feruzi alikuwa amefukuzwa. Jioni askari wawili walikuja wakalitoa sanduku la spana chini ya kitanda, pamoja na ile fimbo, na yeye wakamchukua. Alikaa ndani wiki sita. Rabia alimletea chakula kila siku, hakumlaumu hata mara moja, na hilo lilimuumiza kuliko kama angemlaumu.

Alipotoka alikwenda Kipushi kwa miguu. Laurentine, mke wa Mutale, ambaye jina lake hilo la Kizungu lilikatazwa kwenye karatasi za serikali lakini mtaa mzima ulimwita hivyo, alikuwa akitwanga uani. Peugeot lilikuwa limesukumwa kando ya jiko, kuku wamelala kwenye kiti cha nyuma. Feruzi alisema amekuja kutazama kama injini inaweza kuokolewa. Laurentine alimwonyesha gari kwa mdomo, akaendelea kutwanga.

Alifanya kazi kwa spana mbili za kuazima, Jumapili nne. Alitoa kichwa cha injini, akatoa pistoni, akatafuta fundi wa kuziba tundu la ubavuni. Kila fundi alicheka. Tundu lilikuwa kubwa kuliko ngumi. Injini nyingine haikupatikana. Hata waliokuwa na jamaa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, walirudi mikono mitupu. Jumapili zote hizo Mutale alitoka, akaketi kwenye kigoda, akamtazama akifanya kazi. Walikuwa hawasemi. Ya nne, Feruzi alipofuta mikono na kusimama mbele yake, Mutale ndiye aliyesema.

"Imekufa?"

Feruzi akaitikia kwa kichwa.

"Leo nakuamini," Mutale alisema, akainuka, akaingia ndani.

Feruzi hakupata tena kazi ya gereji. Watu hawakumchukia, walimcheka, na kicheko kilikuwa kibaya zaidi. Mara moja, karibu na soko, alimsimamisha kijana mmoja mwenye teksi, akamwambia kwamba silinda yake ya kwanza inaanza kugonga, asimame kabla haijachelewa. Kijana alimtambua. "Ni weye ya muzee wa Kipushi?" aliuliza. "Basi kama unasema inagonga, iko muzima." Akaondoka akipiga honi. Gari lake lilivunjika wiki iliyofuata kwenye kilima, na Feruzi hakuona furaha yoyote.

Mwishowe akapata kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi. Kelele yake ilijaza chumba kutwa, mpaka wanawake waliopanga foleni walisema kwa ishara. Alirudi nyumbani mweupe wa unga, na Rabia alimsemesha mara mbili mbili kabla hajajibu. Kapya aliiuza gereji kwa muuza pombe, akapata cheo mjini.

Mutale alikufa mwaka 1977, mwezi wa mvua, kwa kifua, kama wengi waliotoka chini. Feruzi alikwenda kwenye kilio. Alikaa nje na wanaume wengine chini ya turubai. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemsogezea kiti. Alikaa juu ya tofali. Siku ya tatu Laurentine alimtuma dada yake mdogo mpaka pale alipoketi.

"Dada yangu anasema utoshe gari yako mu lupango yetu."

"Gari yangu?"

"Anasema hivyo. Gari yako."

Alirudi Jumamosi na wanaume watatu wa mashineni. Matairi yalikuwa yamezama ardhini, ikabidi wachimbe. Walilisukuma lile gari nje ya ua, wakapita nalo mtaa mzima wa wachimbaji, watu wakisimama milangoni kutazama bila salamu, mpaka kwa mfua bati aliyelikata kutengeneza mbabula, yale majiko ya makaa. Feruzi alirudi peke yake kuchukua koleo alilolisahau. Laurentine alikuwa amemwaga maji mahali gari liliposimama, akifagia, akiyasukuma mafuta meusi kuelekea mfereji. Feruzi alisimama na koleo lake, akamtolea pole. Laurentine aliendelea kufagia mpaka alipofika miguuni pake, akangoja asogee, akafagia pale pia.